Antibiotiki ni mali yetu sote

Maneno ya kikundi chetu mbele ya vijana wa Butembo, katika wiki ya dunia ya kupigana na usugu wa dawa, tarehe 18 mpaka 24 Novemba



Wengi walipoona tangazo letu waliuliza: "Ninyi munasemaka juu ya barabara, juu ya umeme, juu ya usalama. Leo munaingia mpaka ku sindano za hospitali? Mumekuwa waganga?" Hapana, hatuko waganga. Wengi kati yetu tulimaliza chuo: mmoja uchumi, mwingine sheria, mwingine maendeleo ya vijijini. Diploma ziko nyumbani ndani ya plastiki, zinangojea kazi pamoja nasi. Lakini mtu hahitaji kuwa mganga ili kulala ku kitanda cha hospitali, wala kulipa fakture. Mambo hayo mawili tunayajua vizuri.

Basi tutaanza na karatasi moja.

Kuna mwenzetu tuliyetembea naye miaka mingi. Ameketi hapa kati yetu. Ametukubalia tueleze habari yake, ila ametuomba tusitaje jina. Siku moja alianguka na moto, mguu ukapasuka chini ya goti. Sisi rafiki zake ndio tulimfikia wa kwanza. Tulifanya nini? Kile ambacho kila mtu wa kartye anafanyaka: tulikimbia ku farmasi ya karibu, tukanunua kapsili, mbili tukazifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda, zingine tukamumezesha. Tulifikiri tumemwokoa. Kesho yake mguu ulivimba, ndipo tukampeleka ku hospitali.

Kule alianzishwa seftriaksoni, sindano ya mshipa, kila siku. Ordonansi ilitoka asubuhi, na sisi tukakimbia kutafuta franga. Siku zingine franga zilitosha. Siku zingine hazikutosha, na sindano ya siku ile ikaruka. Siku ya tano usaha ulikuwa bado unatoka. Wakaongeza dawa nyingine. Siku ya tisa wakabadilisha tena. Hakuna aliyetuambia kwa nini wanabadilisha, na sisi hatukuuliza. Tulikuwa na swali moja tu kinywani: "Dokta, hakuna sindano ya nguvu zaidi?"

Wiki mbili zilipopita, dokta mmoja kijana alichukua usaha kidogo na kuomba upelekwe ku labo yenye uwezo wa kuotesha mikrobe na kujaribu dawa juu yake. Tulingoja siku kadhaa. Karatasi iliporudi, ilikuwa na orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi moja. R. R. R. R. Tukauliza R ni kitu gani. Dokta akatuambia: "R, mikrobe imegomea dawa. S, dawa inaiua." Karatasi nzima ilikuwa na S mbili tu. Na dawa zote tulizokuwa tumelipa kwa wiki mbili, zote zilikuwa na R.

Dawa yenye S ilipatikana, kwa bei ambayo hatutaisahau. Mwenzetu alipona. Lakini alipona bila mguu, kwa sababu mfupa ulikuwa umekwisha kuoza na ilibidi wakate. Leo amekuja hapa na magongo yake.

Hatutaji hospitali ile, kwa sababu hatukuja kushitaki mtu. Tukianza kushitaki, tutaanza na sisi wenyewe, watu wa unga wa kapsili. Tumekuja kwa sababu ile karatasi ilitufundisha kitu ambacho chuo hakikutufundisha: antibiotiki ni mali ya wote, sawa vile chemchemi ya kartye. Mmoja akiichafua huku juu, wa chini wanakunywa uchafu. Na mahali inapochafuliwa haraka kuliko pote ni ndani ya vyumba vya hospitali zetu.

Dawa inazoeleka namna gani?

Tulienda kuuliza wenye kujua, na tulisoma. Tutasema kwa maneno mepesi.

Antibiotiki inaua bakteria. Haiui virusi, kwa hiyo haifanyi kitu juu ya mafua wala juu ya kikohozi kingi cha watoto. Haichukui nafasi ya dawa ya malaria. Mtu mwenye malaria tupu akipewa seftriaksoni juu ya dawa ya malaria, ile seftriaksoni inafanya kazi moja tu: inafundisha bakteria zingine zilizo ndani ya mwili wake.

Inafundisha namna gani? Bakteria ziko nyingi sana, na zingine zinaweza kuzaa mara mbili kila dakika 20 zikipata chakula na joto. Kati ya mamilioni hayo kunakuwa chache ambazo, kwa bahati tu, dawa haiziwezi. Dawa inapopita, inaua zile dhaifu na kuacha zile sugu peke yake, bila mshindani. Kesho yake ndizo zinajaza nyumba. Na kuna jambo baya zaidi: bakteria za aina mbalimbali zinaweza kupashana ile silaha. Yenye kujifunza ndani ya tumbo inaipa ile ya kidonda.

Kumbe mwili wa mtu hauzoei dawa, sawa vile tunasemaka. Mikrobe ndiyo inazoea. Na mikrobe haina kitambulisho: inatoka kitanda cha kwanza na kwenda kitanda cha pili juu ya mkono wa mlinzi wa mgonjwa, juu ya mkono wa muuguzi, juu ya shuka, juu ya kifaa cha kupima moyo. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa leo anaweza kukutana na mikrobe sugu mbele hajameza hata kidonge kimoja katika maisha yake.

Ndiyo sababu tunasema juu ya hospitali. Pale ndipo wagonjwa wenye nguvu kidogo wanalala karibu karibu, pale ndipo antibiotiki kali zinatumiwa kila siku, na pale ndipo maji yanakosekana mara nyingi.

Jambo hili si la Ulaya

Kuna wenye kufikiri haya ni mambo ya watu weupe. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya tangu mwaka 1945, siku alipotoa hotuba ya zawadi yake ya Nobel, kwamba dawa ikitumiwa kidogo kidogo na ovyo, mikrobe zitaizoea. Hilo ni kweli. Lakini anayelipa leo ni nani? Hesabu ya wachunguzi wa dunia kwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu karibu 1 270 000 walikufa kwa sababu moja kwa moja ya bakteria zinazogomea dawa. Na sehemu iliyopigwa zaidi ni Afrika, kusini ya Sahara.

Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, wazee wanakumbuka Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walifika Goma kwa malaki, na katika mwezi wa kwanza watu karibu 50 000 walikufa, wengi kwa kolera na kwa kuhara damu. Waliopima ile mikrobe ya kolera waliikuta imekwisha kugomea tetrasiklini na doksisiklini, dawa zilizokuwa zinategemewa. Kilichoweza kuokoa kilikuwa maji safi na maji ya chumvi na sukari, yakipatikana kwa haraka.

Na mwaka 2019, wachunguzi wa INRB ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa Antwerp huko Ubelgiji, walitangaza kwamba katika damu ya wagonjwa wa nchi hii walikuta Salmonela inayogomea dawa nyingi kwa mara moja, hata seftriaksoni na azitromisini. Salmonela ya aina hiyo ndiyo inaingia katika damu ya watoto wadogo wenye malaria na utapiamlo. Munaelewa uzito wake? Seftriaksoni, ile sindano ambayo tunaililia kila siku, kuna mahali katika Kongo yetu imekwisha kuandikiwa R.

Tutembee ndani ya hospitali

Tuingie chumba kwa chumba, tuone.

Pediatri. Mtoto ana homa. Wanapima malaria: haiko. Mama ana wasiwasi, muuguzi ana wasiwasi, na wagonjwa wengine 40 wanangoja. Sindano inaandikwa "kwa usalama". Lakini homa nyingi za watoto ni virusi. Na kuhara kwingi kwa maji maji kunatibiwa na maji ya ORS na zinki, si na antibiotiki. Lakini mtoto mwenye kichomi cha kweli, au mikrobe katika damu, anahitaji antibiotiki haraka, saa ile ile, na iwe dawa inayofaa. Tukimaliza nguvu ya dawa kwa mafua, tutampa huyu nini?

Medisini ya watu wakubwa. Hapa kuna neno ambalo kila mtu wa Butembo analijua: tifoide. Ni nani hapa hajawahi kuambiwa ana tifoide? Hakuna mkono. Mara nyingi tunaambiwa hivyo kisha kipimo kimoja cha damu, Widal, cha tangu mwaka 1896. Kipimo kile hakionyeshi mikrobe yenyewe. Kinaonyesha alama ambazo mwili ulibakisha, na alama hizo zinaweza kutoka ku ugonjwa wa zamani au ku mikrobe ndugu yake. Kwa hiyo mtu anatibiwa tifoide mara tatu kwa mwaka, na sipro, kisha seftriaksoni, na labda hajawahi kuwa nayo. Tifoide ya kweli iko, tena inatoboa matumbo na kuua. Lakini kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu ku labo, na hospitali zetu nyingi haziwezi kufanya hivyo.

Shirurji. Mgonjwa anayepasuliwa mahali safi, mara nyingi anahitaji dozi moja tu ya antibiotiki, inayotolewa mbele ya kisu, ndani ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika hivyo tangu mwaka 2016, na likasema wazi: kazi ikiisha, usiendelee na antibiotiki kwa ajili ya kukinga tu. Lakini sisi walinzi wa wagonjwa tunajua hesabu ya siku tano, siku saba za sindano kisha operesheni, na fakture yake. Dozi moja kwa wakati wake inakinga. Dozi kumi zilizochelewa hazilipi uchafu wa chumba cha kupasulia.

Maternite. Mama anayezaa kwa kupasuliwa anapaswa kupata ile dozi mbele ya kisu vilevile. Na mtoto wake, ikiwa amezaliwa mbele ya wakati, analala mahali ambapo mikrobe sugu zinapenda kukaa. Mtoto wa kilo moja na nusu hana nafasi ya kujaribu dawa tatu. Ya kwanza isipofanya kazi, mara nyingi hafikii ya pili.

Munaona kwamba kila chumba kina makosa yake, lakini mzizi ni mmoja: dawa inaandikwa bila kujua inapigana na nani, na kisha hakuna mtu anayerudi kuuliza kama bado inahitajika.

Kosa ni la nani?

Hapa tuwe wakweli. Ni rahisi kusema "waganga ni wabaya". Tulienda kuongea na wauguzi, na mmoja alitujibu: "Labo haiko. Mshahara hauko. Nikimrudisha mtoto nyumbani bila sindano akafa, kartye nzima itakuja kunipiga mawe. Ninyi mungefanya nini?" Hatukuwa na jibu.

Kuna wafanyakazi wa afya wengi wa Leta wanaofanya kazi miaka mingi bila mshahara wa kweli. Wanaishi na kile mgonjwa analipa. Hospitali nayo, bila pesa ya Leta, inaishi na kuuza dawa. Ukiweka mtu katika hali ambayo kila sindano ni chakula cha jioni, usishangae sindano zikiwa nyingi. Hapo wema wa muuguzi hautoshi: ni mpango mbaya wa Leta.

Kuna na dawa zenyewe. Mwaka 2017 OMS ilisema kwamba katika nchi maskini na za katikati, karibu dawa moja kwa kila kumi haina ubora au ni ya uongo. Dawa yenye nguvu nusu ni mwalimu mzuri wa mikrobe: inaipiga kofi, haiiui.

Na kuna sisi. Sisi tunaosema "dokta huyu hajui kazi, amenipa vidonge tu". Sisi tunaonunua ampuli tatu kati ya saba, wakati mwingine kwa kukosa franga, wakati mwingine kwa sababu homa imeshuka. Sisi tunaobakisha vidonge ndani ya kabati na kumpa jirani. Umaskini si kosa letu. Lakini ule unga wa kapsili juu ya kidonda, hakuna mtu wa Leta aliyetulazimisha kuumwaga.

Swali la mama mmoja

Tulipokuwa tunatayarisha maneno haya, mama mmoja wa soko alituambia: "Wanangu, mukisema watu wakatae sindano, na mtoto wangu akifa, mutanizikia?"

Mama, swali lako ni la haki, na tunalijibu mbele ya wote. Hatusemi mtu akatae antibiotiki. Katika nchi hii kuna watu wengi wanaokufa kwa kukosa antibiotiki kabisa, kwa sababu kituo cha afya kiko mbali, au barabara haipitiki, au franga hazikuwako. Mtu mwenye mikrobe katika damu akikosa dawa anakufa haraka. Usikatae dawa, usiache dawa peke yako katikati, usibadilishe dawa kwa sababu rafiki amekuambia. Tunasema kitu kimoja: dawa inayofaa, kwa mgonjwa anayeihitaji, kwa kiasi chake na kwa siku zake. Na wewe, mama, una haki ya kuuliza.

Kuna njia, tena haina bei kubwa

Kuna watakaosema: mambo haya yanahitaji mitambo ya Ulaya. Mengine ndiyo. Lakini mengi yanahitaji kalamu, sabuni na nia.

OMS tangu mwaka 2017 imegawanya antibiotiki katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni zile za kuanza nazo, sawa vile amoksisilini, jentamisini, metronidazoli: zinatibu magonjwa mengi, na hatari ya kuleta usugu ni ndogo zaidi. Kundi la pili ni za kuchungwa: humo ndimo ziko seftriaksoni, sipro, azitromisini. Kundi la tatu ni za akiba, za siku ambayo zingine zote zimeshindwa, sawa vile kolistini. Mwezi wa Septemba 2024, nchi za dunia zilikubaliana New York kwamba ifikapo mwaka 2030, angalau antibiotiki 70 kwa kila 100 zinazotumiwa kwa watu ziwe za kundi la kwanza. Kongo nayo ina kiti katika mkutano ule. Basi tupime ahadi hii ndani ya vyumba vyetu.

Kwa wakubwa wa hospitali zetu tunaomba mambo manne.

La kwanza, orodha ibandikwe ku ukuta wa kila chumba: ugonjwa huu, dawa ya kuanza ni hii, kiasi ni hiki, siku ni hizi. Muuguzi wa zamu ya usiku asibaki peke yake na wasiwasi wake.

La pili, ku fishi ya kila mgonjwa iandikwe kwa nini antibiotiki imeanzishwa, siku iliyoanza na siku itakayoangaliwa upya. Kati ya saa 48 na saa 72 mtu arudi kuuliza: iendelee, ibadilike, igeuzwe kuwa vidonge, au ikome? Swali hilo halina bei, na linaweza kupunguza fakture ya familia.

La tatu, kamati ndogo: dokta mmoja, muuguzi mmoja, mtu wa farmasi, mtu wa labo. Wakutane kila mwezi, wahesabu ni wagonjwa wangapi walikuwa ku antibiotiki, ni dawa gani, na kwa nini. Mtu hawezi kurekebisha kitu asichokihesabu.

La nne, maji na sabuni ku mlango wa kila chumba. Sisi wa Butembo hatuhitaji kufundishwa hili. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola ilipita katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikachukua watu zaidi ya 2 200. Wakati ule kulikuwa ndoo ya maji yenye klorini mbele ya kila duka, kila kanisa, kila shule. Tulinawa mpaka mikono ikapasuka. Leo ndoo zile ziko wapi? Mikrobe sugu haina jina la kuogopesha sawa vile Ebola, lakini nayo inapita juu ya mikono. Na ugonjwa uliokingwa hauhitaji antibiotiki.

Kwa Leta hatuombi zawadi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Mwaka 2001, huko Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kuweka angalau asilimia 15 ya bajeti ku afya. Tunaomba ahadi ile ionekane katika mambo matatu: mshahara kwa kila mfanyakazi wa afya, ili sindano isiwe tena chakula chake, labo moja yenye uwezo wa kuotesha damu na usaha katika kila mji mkubwa, kwa bei ambayo familia ya kawaida inaweza, na ukaguzi wa kweli wa dawa zinazoingia ku mipaka na kuuzwa ku meza za soko.

Na sisi, tunaahidi nini?

Kudai bila kubadilika ni kelele. Basi sisi wa kikundi hiki, mbele yenu, tunachukua ahadi.

Hatutamwaga tena unga wa kapsili juu ya kidonda. Kidonda tutakiosha kwa maji safi na sabuni, tutakifunika kwa kitambaa safi, na tutakimbiza mtu ku hospitali.

Hatutaomba tena "sindano ya nguvu". Tukilinda mgonjwa, tutauliza kwa heshima maswali manne, na tunaomba muyaandike ku simu zenu sasa hivi:

Dokta, tunapigana na ugonjwa gani?
Antibiotiki hii inahitajika, au inawekwa kwa usalama tu?
Ni ya siku ngapi, na lini mutaangalia kama inafanya kazi?
Kuna kipimo kinachoweza kutuonyesha dawa inayofaa?

Muulize kwa sauti ya chini. Muganga si adui, naye amechoka. Swali zuri linamsaidia, kwa sababu linampa nafasi ya kusema "hapana, hii haihitajiki" bila kuogopa mawe ya kartye.

Hatutagawa vidonge vilivyobaki. Na mwenzetu akikosa franga za dozi nzima, tutachanga kumaliza dozi, mbele ya kuchanga kwa ajili ya matanga.

Mwisho, tutatuma watu wawili wawili ku kila hospitali itakayotukubalia, tuongee na wakuu juu ya yale mambo manne. Hatuendi na mabango. Tunaenda na daftari. Kisha miezi mitatu tutarudi, na tutawaambia hapa hapa kilichobadilika na kilichokataa.

Wandugu, mwenzetu amehifadhi ile karatasi yenye R. Tulimuuliza mbele ya kuja hapa kwa nini haitupi. Akatujibu: "Nikiitupa, mutafikiri ilikuwa ajali ya moto tu."

Haikuwa ajali ya moto tu. Moto ulivunja mguu. Kilichouchukua ni dawa iliyochoka, na sisi sote tulisaidia kuichosha. Zilizobaki na S si nyingi. Tuzilinde sasa, chumba kwa chumba, kitanda kwa kitanda, ili siku mtoto wa mmoja wetu atakapozihitaji, zimkute zingali na nguvu.